Safari ya jarida la ‘Kiswahili’ na maana ya kuwa msomi wa kimataifa

MWEZI uliopita nilikuwa Keroka, mji ambao upande wake mmoja uko Kaunti ya Kisii na upande wa pili uko Nyamira, nikisubiri matatu ya kunifikisha nyumbani. Mhadhiri mmoja kijana niliyemfundisha zamani akanikuta hapo stendi. Hata salamu hazijaisha, akachomoa simu mfukoni. “Prof, hatimaye nimechapishwa kimataifa!” Nikavaa miwani, nikasoma.

Makala yenyewe yalihusu ufundishaji wa Kiswahili katika madarasa ya chini ya shule za msingi huko Nyamira. Yaliandikwa kwa Kiingereza. Neno “kimataifa” lilikuwamo katika jina la jarida, katika nembo yake na katika barua ya kumkubali mwandishi. Anwani ya ofisi sikuiona. Jina la mhariri sikuliona. Tangu siku aliyotuma makala hadi siku yalipochapishwa zilikuwa zimepita siku nane tu, na ada aliyolipa ingetosha karo ya mwanawe ya muhula mzima.

Nilimpongeza, kwa sababu kijana aliyefanya kazi hafai kuvunjwa moyo mbele ya makanga. Kisha nikamuuliza: “Na walimu uliowahoji kule Nyamira, wameyasoma?” Akaguna. “Prof, wao watayatoa wapi?”

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Tunaposema jarida la kitaaluma limekuwa la kimataifa, huwa tunamaanisha nini hasa? Kwamba linaandikwa kwa Kiingereza? Kwamba lina wahariri wenye majina ya kigeni? Au kwamba lina jambo ambalo mtu wa mbali analihitaji na hawezi kulipata kwingine?

Nadhani jibu linapatikana katika historia ya jarida moja ambalo sisi tuliosomea lugha tumelinukuu miaka nenda miaka rudi bila kujiuliza lilitoka wapi. Ni jarida la ‘Kiswahili’ la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi hudhani kwamba jarida huzaliwa nyumbani, likakua, kisha likavuka mipaka. Hili lilizaliwa likiwa limeshavuka mipaka. Kazi iliyolichukua takriban miongo minne ilikuwa kufika nyumbani.

KAMATI YA MWAKA 1930

Mnamo 1925 wakuu wa elimu na wamishenari walikutana Dar es Salaam kuzungumzia elimu ya Waafrika katika Tanganyika. Mojawapo ya kero zao ilikuwa vitabu vya shule. Kila misheni ilichapisha kwa tahajia yake na kwa lahaja iliyoizoea, hivi kwamba kitabu kilichoandikwa Mombasa kingemtatiza mwalimu wa Tabora. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano mwingine, mara hii Mombasa, ambao ulihudhuriwa hata na Carl Meinhof, yule Mjerumani aliyekuwa gwiji wa isimu ya lugha za Kibantu. Hapo ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wamishenari waliokuwa wakitumia Kimvita hawakufurahi, na mpaka leo ukikaa na wazee wa Mombasa utasikia kwamba lahaja yao ilionewa.

Tarehe 1 Januari 1930, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Wanachama walikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia na sarufi, kutunga kamusi, kuhimiza uandishi na, zaidi ya yote, kukagua vitabu vilivyokusudiwa shule. Kitabu kilichopita ukaguzi kilipewa idhini ya Kamati, na idhini hiyo ikachapishwa humo humo kitabuni. Kwa hiyo kama babu yako alisoma Kiswahili katika shule ya serikali pale Kisii miaka ya 1930, huenda maneno aliyoyasoma yalikuwa yamepitia meza ya Kamati hiyo kwanza.

Kamati ilikuwa na chapisho lake la taarifa. Humo mlikuwa na maelezo ya maneno, mijadala ya sarufi na habari za vitabu vilivyoidhinishwa. Chapisho hilo dogo ndilo shina la jarida tunalolizungumzia.

Sasa hebu lipime, msomaji, kwa vigezo vinavyotumiwa leo katika vyuo vyetu. Lilihudumia nchi nne. Waandishi wake walikuwa maafisa wa elimu, wamishenari na wanaisimu waliosomea Ulaya. Liliandikwa hasa kwa Kiingereza. Lingepata alama zote za umataifa tangu toleo la kwanza! Lakini wenye lugha hawakuwamo. Katika miaka mingi ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeketi katika Kamati. Mswahili wa Lamu au wa Unguja alitajwa kama anayeulizwa maswali, si kama anayeuliza.

Sisemi haya ili kuwabeza waliotangulia. Kamusi sanifu za mwaka 1939, ambazo Johnson alizishughulikia hadi kifo chake mwaka 1937, zilitufaa kwa miongo mingi, na mimi mwenyewe nilizitumia hadi jalada likang’oka. Ninachosema ni kwamba kuzungumzwa katika nchi nyingi na kuwa mali ya wenye lugha ni mambo mawili tofauti.

JARIDA LISILO NA MAKAO

Baada ya Johnson kufariki, Kamati ikawa kama mpangaji asiyedumu katika nyumba moja. Kutoka Dar es Salaam makao yake yalihamia Nairobi, na mwaka 1952 yakaenda Makerere, Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakapelekwa Mombasa, kisha yakarudi Dar es Salaam. Aliyewahi kuhamisha hata maktaba ndogo ya shule anajua hasara ya safari kama hizo. Faili hupotea, barua hukosa majibu, matoleo huchelewa.

Hata hivyo, ni katika kipindi hicho cha kuhamahama ambapo jarida lilianza kupata uzito wa kweli. Pale Makerere kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wilfred Whiteley, mwanaisimu Mwingereza. Mwaka 1958 na 1959, kama nyongeza ya jarida, yalichapishwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, jinsi alivyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Mtu akitaka kuandika historia ya mashariki mwa Kongo katika karne ya 19, awe Brussels, London au Chicago, hana budi kupita hapo.

Nasisitiza mfano huu kwa sababu ndio kiini cha hoja yangu. Wasomi wa mbali hawakulifuata jarida kwa sababu lilijiita la kimataifa. Jina lake lilitaja Afrika Mashariki tu. Walilifuata kwa sababu lilikuwa na matini ambayo hawangeyapata kwao, yamehaririwa vizuri, na maneno ya msimulizi mwenyewe yameachwa yakasomeka.

Polepole pia wenye lugha wakaanza kuingia. Shaaban Robert, yule mshairi wa Tanga, alikuwa mjumbe wa Kamati katika miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1962, miaka miwili kabla ya Kamati kuingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na kugeuka kuwa taasisi ya utafiti, ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la TUKI.

JINA JIPYA, KAZI MPYA

Jarida lilikuwa limebadilisha jina mara kadhaa. Kwanza lilibeba jina la Kamati, kisha likaitwa ‘Swahili’, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 likaitwa ‘Kiswahili’. Mtu anaweza kuona kwamba ni silabi moja tu iliyoongezwa. Lakini ‘Swahili’ ndivyo mgeni anavyoiita lugha hii akiwa anaitazama kutoka nje. ‘Kiswahili’ ndivyo inavyojiita yenyewe.

Mabadiliko ya jina yalikuja pamoja na mabadiliko ya kazi. Uongozi wa taasisi uliingia mikononi mwa Watanzania, miongoni mwao George Mhina, na baadaye Mugyabuso Mulokozi. Makala ya Kiswahili yakazidi kuongezeka. Hapo ndipo palipotokea tatizo ambalo wasomaji wa leo hawalioni, kwa kuwa lilishatatuliwa kabla hawajazaliwa: utaandikaje uchambuzi wa sauti, wa muundo wa sentensi au wa riwaya katika lugha ambayo haijawa na istilahi za kazi hiyo?

Maneno kama “isimu”, “fasihi simulizi”, “mofimu” na “kirai” hayakushuka kutoka mbinguni. Kamati inaweza kukaa na kupendekeza orodha ya istilahi, lakini istilahi huishi pale tu mtu anapoitumia katika hoja, mwingine akaipinga, wa tatu akaleta bora zaidi. Ulingo wa mashindano hayo ulikuwa jarida hilo, pamoja na dada yake ‘Mulika’. Kufikia mwaka 1981, TUKI ilipotoa ‘Kamusi ya Kiswahili Sanifu’, lugha iliyokuwa ikielezwa kwa Kiingereza ilikuwa imeanza kujieleza yenyewe. Naam, jarida lilikuwa limefika nyumbani.

LILIVYOTUFIKIA GUSII

Huku kwetu lilifika kwa mlango wa elimu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imependekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini hali ilibadilika hasa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na somo hilo likaanza kutahiniwa. Ghafla kila shule ilihitaji mwalimu wa Kiswahili, na walimu hawakuwapo. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuoni juzijuzi. Nilitumwa katika shule moja ya upili upande wa Nyamira, iliyozungukwa na majani chai pande zote. Mwalimu mkuu alinitazama akasema, “Mwalimu, wewe ndiye Kiswahili.” Alimaanisha kwamba sikuwa na mwenzangu idarani.

Vitabu vilikuwa vichache. Nilichokuwa nacho ni nakala nne za jarida la ‘Kiswahili’ nilizonunua kwa kujinyima nikiwa mwanafunzi. Walimu wa shule jirani wakasikia. Jumamosi, siku ya soko, tulikutana Kisii mjini, nakala zangu zikapita mkono kwa mkono, wengine wakipiga fotokopi, wengine wakinakili kwa kalamu. Nakala mojawapo ilirudi baada ya mwaka ikinuka moshi wa jikoni, na pambizoni mwake mlikuwa na maswali ya mwandiko ambao si wangu. Sikuwahi kumjua mwenye maswali hayo. Nakala hiyo ninayo hata leo.

Wakati huohuo elimu ya ualimu ilikuwa ikijijenga pale mjini. Chuo Kikuu cha Kisii tunachokiona leo kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kwenye ardhi iliyotolewa na Baraza la Kaunti ya Gusii. Mwaka 1983 kikawa chuo cha walimu wa shule za upili, mwaka 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati yake. Kwa maneno mengine, kabla ya kuwa pahali pa maprofesa palikuwa pahali pa walimu. Ni jambo ambalo sisi maprofesa husahau upesi.

BARUA YA MHAKIKI

Niruhusu, msomaji, nikusimulie aibu yangu. Miaka ya 1990, nilipokuwa nimeingia chuoni kufundisha, niliandika makala kuhusu makosa ya Kiswahili ya wanafunzi wetu. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: Ekegusii kinaharibu Kiswahili. Nilitoa mifano ya l na r, ambazo Ekegusii hakizitofautishi, hivyo mtoto akasema “kurara” akikusudia “kulala”. Nikahitimisha kwamba watoto wazuiwe kusema lugha ya mama shuleni. Nikatuma makala hayo kwa jarida moja, nikingoja sifa.

Baada ya miezi saba nikapata kurasa nne za maswali kutoka kwa mhakiki ambaye jina lake sikuambiwa. Swali lililonichoma lilikuwa hili: mwandishi ameorodhesha yale ambayo lugha ya kwanza inaharibu, je, ametafuta yale inayosaidia?

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikapanda matatu, nikarudi katika madarasa ya Nyamira kusikiliza upya. Niliyoyakuta yalinifedhehesha. Mtoto anayesema “omonto” na “abanto” nyumbani hahitaji kupigwa ili aelewe “mtu” na “watu”. Anayejua “egetabu” na “ebitabu” tayari anayo ngeli ya “kitabu” na “vitabu” kichwani. Ekegusii ni lugha ya Kibantu. Nomino ikibadilika, kivumishi na kitenzi nacho hufuata, sawa na katika Kiswahili. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu, mama mtu mzima, alikuwa akifundisha ngeli kwa kuandika lugha zote mbili ubaoni sambamba. Hakuwahi kusoma nadharia yoyote kuhusu jambo hilo. “Mwalimu,” aliniambia, “mimi naanzia pale mtoto alipo.”

Niliyaandika makala upya na hoja ikageuka kabisa. Yalipochapishwa, barua ya kwanza niliyoipata ilitoka kwa mwalimu wa Uganda aliyekuwa na tatizo kama hilo katika lugha yake. Basi huko ndiko kufika mbali ninakokujua mimi. Kulitokana na mhakiki aliyenizuia, na mwalimu wa darasa la tatu aliyenisahihisha. Lile jarida la siku nane la kijana wangu lingeyachapisha makosa yangu yote, na ningekuwa na deni kwa watoto waliozuiwa kusema lugha yao kwa ushauri wangu.

DUNIA ILIPOKUJA

Zingatia sasa yaliyotokea Kiswahili kilipoanza kujieleza chenyewe. Mwaka 1994, huko Köln, Ujerumani, lilianza ‘Swahili Forum’, jarida ambalo baadaye liliwekwa kwenye mtandao na linasomwa bure. Humo hukutana Wajerumani, Watanzania, Wakenya na wengine, na baadhi ya makala yameandikwa kwa Kiswahili. Huku kwetu nako Chuo Kikuu cha Moi kikawa na ‘Mwanga wa Lugha’. Tangu 1998 kumekuwa na mradi wa kuyaweka majarida ya Afrika mtandaoni, ujulikanao kama AJOL, wenye makao nchini Afrika Kusini. Leo mwanafunzi wa Suneka au wa Nyansiongo mwenye simu na bando kidogo anaweza kufikia makala ambayo mimi ningesafiri hadi Nairobi kuyatafuta.

Mgeni anayetaka kuingia katika mijadala hiyo sasa analazimika kujifunza lugha yetu na istilahi zetu. Miaka ya 1930 sisi ndio tungelazimika kujifunza za kwake ili tujue anasema nini juu yetu.

Iko pia hadithi ya upande wa pili, nayo inafaa kukumbukwa. Jarida la ‘Transition’ lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy. Halikuwa la elimu bali la fasihi na siasa, na sifa zake zilienea ulimwenguni. Mwaka 1968 serikali ya Obote ikamtia mhariri kizuizini. Jarida likahamia Ghana, ambako Wole Soyinka alikuja kulihariri, likafungwa mwaka 1976, kisha likafufuliwa Marekani mwaka 1991. Bado linaheshimika. Lakini muulize kijana wa Kampala leo kama ni lake. Jarida linaweza kukua na kufika mbali huku mji uliolizaa ukibaki mikono mitupu. Kwa ‘Transition’ ilikuwa jela. Kwetu sisi hakuna aliyetutia jela. Tunahama kwa hiari, tena kwa kulipa ada.

ALAMA NA WASOMAJI

Mbona tunahama? Turudi kwa yule kijana wa Keroka. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, na machapisho yakawa yanahesabiwa kwa alama. Nia ilikuwa njema: mhadhiri wa chuo kimoja apimwe kwa mizani ileile ya mwenzake wa chuo kingine. Lakini mizani yoyote hutegemea mkono wa anayepima.

Na hapa lazima nijitaje. Nimeketi katika kamati za kupandisha watu vyeo. Nimewahi kuletewa bunda la makala ya mtu mmoja saa nne asubuhi, na kufikia saa sita tumeshamaliza watu watano. Tulihesabu. Tulitazama kama neno “kimataifa” limo katika jina la jarida, tukaandika alama. Sikumbuki siku ambayo mmoja wetu alisema, “Ngojeni kwanza nisome.” Basi anayechapisha majarida bandia anajua vizuri kwamba mteja wake si msomaji. Mteja wake ni kamati isiyosoma, na mimi nimekuwa mmoja wa wateja hao.

Kama tunataka majarida yetu ya elimu, yawe ya Kisii, ya Eldoret au ya Maseno, yafike mbali, historia ya ‘Kiswahili’ inatuonyesha mambo machache yasiyohitaji miujiza. Jarida litoke kwa wakati, mwaka baada ya mwaka, hata kama kurasa ni chache. Makala yahakikiwe na mtu mwenye ujuzi na subira ya kuandika kurasa nne za maswali. Mhariri awe na jina na anwani. Matoleo ya zamani yahifadhiwe mahali yanapoweza kupatikana. Utafiti unaohusu darasa la Nyamira urudi Nyamira, kwa lugha ambayo mwalimu anaisoma bila kuhisi anafanyiwa mtihani. Na sisi wa kamati tusome.

Haya yote yana gharama, najua. Uhakiki ni kazi isiyolipwa, na profesa mwenye madarasa ya wanafunzi mia tatu ana kisingizio kizuri. Lakini yule asiyejulikana aliyeniandikia kurasa nne naye alikuwa na madarasa yake.

Matatu ya kuelekea kwetu ilipojaa, yule kijana alikuwa bado ameshika simu yake. “Prof,” akaniuliza, “nikiyaandika upya kwa Kiswahili, nikangoja mwaka mzima, na alama je? Wenzangu watakuwa wamenipita.” Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nisingependa kumdanganya. Nilimwambia anitumie data yake, tuipitie pamoja, na kwamba makala yakiwa tayari nitaandamana naye kwenda kuyasoma mbele ya walimu wale aliowahoji, watuambie tulikokosea kabla hatujayatuma popote.

Ametuma. Jumanne ijayo tunakutana. Na kikao kijacho cha kamati nitakwenda na miwani yangu.